Tone la damu kabla ya sindano: kutambua wadudu wa damu wanaoletwa na kupe katika mbuzi na kondoo

Ndugu memba wa koperative, fungueni kitabu cha mbuzi wa mzunguko, pale kwenye ukurasa wa vifo. Safu ya mwisho ni ya sababu. Katika vitabu vingi nilivyosoma, maneno yanayorudi ni matatu tu: minyoo, homa, sumu. "Minyoo" inaandikwa kama mbuzi alikonda. "Homa" inaandikwa kama alitetemeka. "Sumu" inaandikwa kama alikufa haraka na mwenyewe haelewani na jirani. Hakuna lililopimwa kati ya hayo matatu.

Na vifo hivi vinaleta shida kubwa kuliko hasara ya mnyama. Memba amepokea mbuzi jike, anapashwa kupitisha mtoto wa kwanza kwa memba anayemfuata. Mbuzi akifa kabla ya kuzaa, komite inauliza: alikufa kweli, ama aliuzwa sokoni? Mwenye mbuzi anaapa. Yule aliyekuwa anangoja zamu yake, labda alishahesabu minervali ya mtoto juu ya mbuzi yule, anakasirika na kuacha kuja kwenye mkutano. Nimeona ugomvi wa namna hii ukichukua miezi, wakati tone moja la damu kwenye kioo cha labo, lililochukuliwa mapema, lingeweza kutupa jibu, ama angalau nusu ya jibu.

Tuanze na jicho, sababu kila mfugaji anaanzia pale. Unafunua ukope wa chini wa mbuzi, unaangalia rangi. Ndani ikiwa nyekundu ama ya waridi, damu iko. Ikiwa nyeupe kama karatasi, damu imepunguka. Mpaka hapo ni sawa. Afrika Kusini walitengeneza hata karata ya rangi tano ya kulinganisha na jicho, inaitwa FAMACHA, na inasaidia sana. Lakini karata ile ilitengenezwa juu ya mnyoo mmoja, yule anayeishi katika tumbo la nne la mbuzi na kondoo na kunyonya damu. Jicho jeupe linasema damu inapotea. Halisemi nani anaipoteza.

Mnyoo yule si wa kudharau. Mmoja anapoteza damu kiasi cha mililita 0,05 kwa siku. Ni kidogo sana, lakini mbuzi akiwa na minyoo 5.000, hiyo ni robo litre kila siku. Mbuzi wa kilo 25 ana damu isiyofika litre mbili mwili mzima. Piga hesabu mwenyewe.

Wadudu wa damu wanaoletwa na kupe wanafanya kazi nyingine. Hawakai tumboni, wanaingia ndani ya chembe nyekundu za damu zenyewe. Babesia anazaliana ndani ya chembe kisha anaipasua, na rangi ya damu inatokea katika mkojo. Ndiyo maana mkojo unaweza kuwa mwekundu kama chai nzito. Anaplasma, ambayo kwa kweli ni bakteria, haipasui chembe namna hiyo. Mwili wenyewe unazitambua chembe zilizoingiliwa na kuziondoa, hasa kupitia wengu. Kwa hiyo mbuzi wa anaplasma anakuwa mweupe machoni, wakati mwingine wa manjano, lakini mkojo wake haubadiliki kuwa mwekundu. Wafugaji wa Tanzania wanaita ugonjwa huu kwa ng'ombe ndigana baridi. Kuna tena theileria. Yule anayeua ng'ombe wetu, theileria parva, mbuzi hana shida naye. Mbuzi na kondoo wana theileria wao, na mmoja wao, theileria ovis, mara nyingi anakaa kimya katika damu bila kuleta ugonjwa wowote. Mkumbuke huyo, tutarudi kwake.

Katika bonde la Ruzizi, mama mmoja alinionyesha mbuzi wake mwenye macho meupe. "Agronome, hii mbuzi nilishaipa dawa ya minyoo mara mbili. Iko inakonda tu." Mbuzi wa shemeji yake alikuwa amefungwa palepale, macho meupe vilevile. Tuliwapima joto wote wawili kivulini. Wa mama alikuwa na 41, na ndani ya masikio na chini ya mkia kupe walikuwa wamejaa. Wa shemeji alikuwa na 39,2, na chini ya taya kulikuwa na uvimbe laini wa maji. Kioo cha mbuzi wa mama kilionyesha anaplasma katika chembe nyingi. Cha yule mwingine hakikuonyesha kitu, lakini mavi yake yalikuwa na mayai ya minyoo bila hesabu. Mama alisema: "Kumbe jicho ni moja, ugonjwa ni mbili." Veterineri alitoa dawa mbili tofauti, na kila mbuzi alipata ya kwake.

Ndiyo maana nawaomba kila koperative inunue termometa kabla ya kununua chupa nyingine ya dawa. Inaingizwa nyuma, pembeni kidogo iguse ukuta wa utumbo, unangoja mpaka dakika mbili zipite kama si ya umeme. Mbuzi mzima anakuwa kati ya 38,5 na 39,5, na jua la saa sita linaweza kumfikisha 40. Mbuzi aliyepumzika kivulini, tena asubuhi, akionyesha zaidi ya 40,5, huyo ana homa. Minyoo peke yake haileti homa. Macho meupe pamoja na homa, fikiria kupe. Macho meupe bila homa, na uvimbe chini ya taya, fikiria minyoo, na kama anakula kwenye bwawa, fikiria pia mdudu bapa wa maini. Kondoo mwenye mkojo mwekundu bila homa, uliza kama hapewi chumvi ya madini ya ng'ombe: shaba iliyo ndani yake inamuua kondoo, na kabla ya kumuua inapasua damu yake.

Tena angalia kupe wenyewe, ni wa namna gani na wameshika wapi. Kupe wa kahawia wa masikio anajulikana na wote wenye ng'ombe. Kupe wa miguu myekundu anapenda kukaa chini ya mkia akiwa mkubwa, na watoto wake wanajificha ndani kabisa ya tundu la sikio, pale ambapo pampu ya dawa haifiki. Kupe mkubwa wa madoa, ambaye dume lake lina mapambo ya rangi ya chungwa mgongoni, anashika kifuani, kwenye kiwele na katikati ya kwato; mbuzi anayechechemea, inua mguu wake kwanza. Huyu wa madoa ndiye analeta ugonjwa wa maji ya moyo. Msiwapasue kwa vidole, maana kupe wengine wana magonjwa ya watu pia. Watie katika kichupa chenye alkoli, na kichupa kiende pamoja na kioo.

Sasa kioo chenyewe. Kazi hii inahitaji mkono uliozoea, lakini nimeona vijana wa koperative wakiijua kwa asubuhi moja. Mnahitaji vioo vya labo vilivyo safi bila alama ya vidole, sindano mpya kwa kila mnyama, pamba, alkoli, kalamu ya risasi na karatasi laini.

Damu inatoka kwenye ncha ya sikio. Mishipa myembamba ya pale ndipo babesia anapenda kujikusanya, kwa hiyo ni mahali pazuri kuliko mshipa mkubwa wa shingo. Nyoa manyoya kidogo, pangusa na alkoli, na ngoja ikauke kabisa. Wengi wanaharibu hapa: alkoli iliyobaki inapasua chembe za damu, na fundi wa labo haoni kitu. Choma, acha tone dogo litoke, dogo kama kichwa cha kiberiti, liguse karibu na mwisho wa kioo. Chukua kioo cha pili, kishike kikiinama, kirudishe nyuma mpaka kiguse tone, ngoja damu ijitandaze kwenye ukingo wake, kisha kisukume mbele mara moja bila kusita. Damu inafuata nyuma yake na kumaliza kama ulimi mwembamba. Pale mwishoni, penye ulimi, chembe zimelala moja moja, ndipo fundi atasoma. Ukipata kitu kinene chekundu kama rangi ya nyumba, rudia na tone dogo zaidi.

Pepea kioo hewani kikauke haraka. Usikiweke juani, usikiweke juu ya moto, na usikiache mezani bila kufunika: nzi wanakula ile damu na kuacha matundu. Kwenye sehemu nene ya damu, andika kwa kalamu ya risasi nambari ya mbuzi na tarehe. Wino unaondoka kwenye alkoli, risasi inabaki. Fanya vioo viwili kwa kila mnyama. Wakati wa mvua, unyevu unaharibu damu isiyotengenezwa, basi ni vizuri kuvizamisha vioo katika metanoli kwa dakika chache siku ileile, kama mnayo, vikauke, kisha vifungwe kila kimoja katika karatasi yake. Na visiwekwe sanduku moja na formoli, hata kama chupa imefungwa. Mvuke wake unaharibu rangi.

Kioo kinaenda wapi? Hapa nina jambo ambalo wengi hawalifikirii. Wote tunajua GE, kile kipimo cha malaria. Kituo cha afya kinachofanya GE kina mikroskopi na kina dawa ya rangi ya Giemsa, ambayo mkemia Mjerumani Gustav Giemsa aliitengeneza Hamburg mwaka 1904 juu ya malaria yenyewe. Rangi ni ileile kwa mbuzi. GE ni tone nene, chembe zake zinapasuliwa kwa maji ili vijidudu vionekane vingi mahali pamoja. Sisi tunataka damu nyembamba, chembe zibaki nzima, sababu tunatafuta mdudu amekaa wapi ndani ya chembe. Fundi aliyezoea malaria hatashangaa. Babesia na mdudu wa malaria wanafanana sana katika umbo la pete, na babesia mkubwa anaonekana kama avoka mbili ndogo zilizogusana kwa vikonyo. Theileria ni vijiti na alama za mkato. Anaplasma ni nukta nyeusi iliyoshikamana na ukingo wa chembe, na hiyo ndiyo inadanganya watu, sababu mnyama aliyepungukiwa damu anatoa chembe changa zenye mabaki yanayofanana na nukta hiyo, na hata uchafu wa rangi unafanana nayo. Fundi akiomba kioo cha pili, mpeni bila kulalamika.

Lakini msiende mkajipanga na wagonjwa mkiwa na vioo vya mbuzi mkononi. Komite iongee kwanza na mkubwa wa kituo na veterineri wa eneo, wapatane siku ambayo kazi ni chache, vioo vya wanyama viwe na daftari lake na sanduku lake, na koperative ilipie rangi na mafuta ya mikroskopi.

Jibu likirudi, tusome kwa akili. "Imeonekana" haimaanishi "ndiye aliyeua". Nilisema tutarudi kwa theileria ovis. Mbuzi na kondoo wa eneo lenye kupe wengi wanaweza kubeba wadudu wachache katika damu kwa miezi, wakila na kuzaa vizuri. Mbuzi wa namna hiyo akipata minyoo, kioo kitaonyesha mdudu wa kupe, na kama tunaamini kioo peke yake tutatibu yule asiye na hatia. Kwa hiyo mimi naomba vioo vya mbuzi wawili wazima wa zizi lilelile viende pamoja na kioo cha mgonjwa. Kama wazima nao wana nukta chache kama zake, sababu itafutwe kwingine. Mkiweza, peleka pia mavi mabichi katika mfuko safi: katika maji yaliyokolea chumvi mayai ya minyoo yanaelea juu, na mikroskopi ileile inayaona.

"Haikuonekana" nayo haimaanishi "hayuko". Mdudu anaonekana zaidi siku za homa, baadaye anapunguka mpaka jicho la mtu halimwoni. Labo kubwa zina kipimo cha PCR kinachotafuta alama ya uzazi ya mdudu hata akiwa haba sana, lakini nacho hakisemi nani mwenye hatia. Na sababu nyingine ya kioo kitupu ni sisi wenyewe: mbuzi alishachomwa dawa jana. Wadudu wanatoweka katika damu, ugonjwa unabaki bila jina. Kioo kinachukuliwa kabla ya sindano, hata kama sindano inafuata dakika tano baadaye. Hatusemi mgonjwa angoje jibu akiwa anakufa. Veterineri anaweza kuanza kutibu akiwa ameshaweka damu pembeni.

Tena dawa haziwezi kubadilishana. Diminazene, ambayo wengi wanaiita Berenil, inafanya kazi kwa babesia, haimgusi anaplasma. Oksitetrasikline ni ya anaplasma na maji ya moyo, si dawa ya kutegemea kwa babesia. Dawa ya minyoo haifanyi lolote kwa hao wote. Kipimo kwa kilo na siku za kuacha maziwa na nyama, muulize veterineri. Ila sindano naisemea mwenyewe: ile moja inayopita kutoka mbuzi hadi mbuzi siku ya kuchanja inaweza kubeba anaplasma kutoka kwa mbebaji hadi kwa mzima, bila kupe hata mmoja.

Kuna magonjwa ya kupe ambayo kioo cha sikio hakiyaoni kabisa. Moja ni ugonjwa wa kondoo wa Nairobi, uliotambuliwa Kenya mwaka 1910: homa kali na kuhara damu, unaletwa na yule kupe wa kahawia wa masikio, lakini ni virusi. Mwingine ni maji ya moyo. Mbuzi anapata homa, anatembea akiinua miguu juu kupita kawaida, anazunguka, anatafuna hewa, anaanguka akipiga miguu kama anaogelea. Akifunguliwa, kuna maji kifuani na katika mfuko wa moyo. Kijidudu chake kiko katika kuta za mishipa myembamba ya ubongo. Veterineri anaweza kuchota kipande kidogo cha ubongo kwa kijiko kupitia tundu la nyuma ya kichwa, pale shingo inapoanzia, bila kupasua fuvu, kukiponda kati ya vioo viwili na kukipaka Giemsa ileile.

Nasisitiza: mnyama aliyekufa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani ama nyuma, HAFUNGULIWI na HALIWI. Hiyo inaweza kuwa kimeta, inayoua watu. Mfunike, fukuza mbwa na watoto, ita veterineri, yeye ndiye ataamua damu ichukuliwe namna gani.

Juu ya mbuzi wa mzunguko, jambo moja linapashwa kubadilika katika namna tunavyogawa. Mtoto wa mbuzi aliyezaliwa kwenye kupe anakutana nao mapema, akiwa bado anastahimili, na mara nyingi anakua akiwa amezoea. Jike aliyenunuliwa mlimani penye baridi na kupe wachache, akashushwa bondeni mwezi wa kumi mvua ikiwa imeanza, anakutana na vyote kwa mara moja akiwa mkubwa, pengine na mimba. Akifa, memba aliyempokea ndiye anasemwa. Afadhali kununua karibu, ama kuleta wageni kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane. Wakifika, wafungwe kando wiki nne, joto lao lipimwe kila asubuhi na kuandikwa, kioo cha kwanza kichukuliwe siku ya kufika, na cha pili siku yoyote termometa ikipita 40,5. Daftari hilo likae kwa mwandishi wa koperative, na nakala apewe memba siku anapopokea mbuzi wake.